Mwongozo kamili: kufanya kazi chini na kando ya nyaya za umeme bila kupoteza mtu

Ukitoka Mafinga kwenda Makambako, halafu ukaendelea hadi Uyole na Mbalizi, utaona vitu viwili vinapanda kwa pamoja kando ya barabara: kuta za matofali na nguzo za umeme. Viwanja vinakatwa hadi ukingoni mwa mkuza wa laini, yaani ule ukanda wa ardhi ulioachwa wazi kwa ajili ya nyaya za umeme. Umeme wa vijijini nao umefika mahali ambapo miaka kumi na tano iliyopita palikuwa na mashamba ya chai na miti ya milingoti tu. Kwa hiyo fundi wa leo, hata wa kijiji cha ndani kabisa, hana budi kujua namna ya kufanya kazi akiwa na waya wa umeme juu yake au pembeni yake.

Fundi umeme anajua anachokikaribia, kwa hiyo huu si mwongozo wake. Nawaandikia fundi mwashi, fundi wa kupaua, saidia fundi anayebeba nondo, dereva wa tipa, mkata miti, mchuma parachichi, fundi dishi, na mwenye nyumba anayewalipa wote hao. Ninachotaka wakishike kabla ya kingine chochote ni hiki: mtu mwenyewe ni mfupi, hafiki kwenye waya. Kinachofika ni kitu alichokishika. Nondo, bati, ngazi, bomba, mwanzi, kitanda cha tipa kilichoinuliwa. Ukijua urefu wa kitu kirefu kuliko vyote kwenye eneo lako la kazi, nusu ya mpango wa usalama umeshaupata.

Kwanza zijue laini zenyewe

Nchini kwetu kuna makundi matatu utakayokutana nayo.

Laini ndogo ndiyo inayoingiza umeme majumbani. Kati ya waya wa moto na ardhi kuna volti 230, na kati ya waya wa moto na mwenzake kuna volti 400. Mahali pengine ni nyaya nne za wazi zilizopangwa kwenye nguzo, mahali pengine ni nyaya nyeusi zilizosokotwa pamoja zenye ganda. Ganda hilo limekaa juani na kwenye mvua kwa miaka, limesuguliwa na matawi, na huwezi kuona ufa wake ukiwa chini. Usilitegemee.

Laini ya kati ni ya kilovolti 11 au 33 (kilovolti moja ni volti 1,000). Hii ndiyo ya kuogopa kuliko zote kwa sababu inapita mitaani na mashambani juu ya nguzo za miti za kawaida, kwa kawaida nyaya tatu juu kabisa, zikikaa kwenye vikombe vikubwa vya kuzuia umeme, na watu wanaidhani ni "umeme wa nyumbani tu". Nyaya zake hazina ganda. Hewa ndiyo ganda lake, na ukipunguza hewa unapunguza kinga. Kwenye laini ya kilovolti 33, kati ya waya mmoja na ardhi kuna takriban volti 19,000.

Laini kubwa hupita kwenye minara ya chuma. Ya kilovolti 220 inapita Iringa, Mufindi hadi Mbeya, na nyingine inatoka Makambako kwenda Songea. Iringa pia ndipo inapoanzia ile ya kilovolti 400 iendayo Dodoma, Singida na Shinyanga. Katika mkuza wa hizi usijenge wala usipande miti mirefu. Usipitishe chombo kirefu bila idhini.

Watu huuliza: mbona ndege anatua juu ya waya hafi? Kwa sababu amegusa waya mmoja na hajagusa kitu kingine. Wewe umesimama juu ya ardhi, ukuta au ngazi, na umeme unakutumia kama njia ya kufika chini. Mwili wenye ngozi iliyolowa una ukinzani wa karibu omu 1,000, kwa hiyo hata volti 230 zinaweza kupitisha ampea 0.23 kifuani. Ampea 0.1 inatosha kuvuruga mapigo ya moyo hadi mtu afe. Basi usimsikilize anayekuambia "hii ndogo haiui".

Jambo jingine ambalo mafundi wengi hawalijui: kwenye laini ya kati na kubwa si lazima uguse. Ncha ya nondo ikikaribia waya vya kutosha, umeme unaruka. Kwa kilovolti 33 pengo hilo ni sentimita chache. Umbali wa mita tatu ambao nitautaja hapa chini haukuwekwa kwa sababu umeme unaruka mita tatu. Uliwekwa kwa sababu binadamu anateleza, upepo unavuma, na jicho lililo chini haliwezi kukadiria umbali wa kitu kilicho angani.

Hatua ya kwanza: tazama juu kabla ya kutaja bei

Siku unapokwenda kuona kazi, zunguka kiwanja chote ukiwa umeinua kichwa. Fuata kila waya kwa macho kutoka nguzo moja hadi nyingine. Tazama na njia ya kuingilia, kwani lori la kokoto linaweza kugusa waya kabla halijafika kwenye kazi yenyewe. Chora ramani ndogo kwenye daftari: jengo liko wapi, laini iko wapi, upande gani, nguzo ziko wapi, magari yataingilia wapi.

Ukiona laini ya kati au kubwa iko karibu, iingize kwenye mazungumzo ya bei siku hiyo hiyo. Ukishapokea malipo ya awali, hakuna mwenye nyumba atakayefurahi kusikia kazi inasubiri TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, wiki mbili. Na mimi nasema wazi: kama jengo limechorwa ndani ya mkuza wa laini, kazi hiyo iache. Hakuna namna ya kuijenga kwa usalama, na hata likiisha litawekewa alama ya X ya kubomolewa.

Hatua ya pili: pima, na upime kitu sahihi

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Usipime kimo cha waya kwa futi ya chuma, kwa mti, wala kwa kurusha kamba. Hata kimo cha nguzo hakikupi jibu, kwa sababu waya hulegea katikati ya nguzo mbili na sehemu hiyo ndiyo ya chini kuliko zote. Kukadiria kimo cha nguzo ni rahisi: siku ya jua simamisha kijiti cha mita 1 kwenye ardhi tambarare, pima kivuli chake, kisha pima kivuli cha nguzo. Kijiti kikitoa kivuli cha mita 0.8 na nguzo ikatoa cha mita 7.2, nguzo ina mita 9. Lakini hilo ni la kukupa picha tu. Kimo cha waya wenyewe waombe TANESCO wakipime, wana vifaa vyake.

Waya pia haukai mahali pamoja. Unapopata joto, la jua au la mzigo mkubwa wa umeme unaopita, unarefuka na kushuka. Ukiukagua asubuhi ya Julai pale Mufindi, na barafu iko kwenye majani, utauona juu. Urudi mchana wa Oktoba, umeshuka. Upepo nao unautupa kando, na Makambako hakuna haja ya kumwambia mtu upepo ni nini. Acha nafasi ya kushuka na nafasi ya kuyumba.

Sasa pima kitu kirefu kuliko vyote kitakachoingia kwenye eneo. Nondo hutoka kiwandani zikiwa na mita 12. Mabomba na skwea paipu huwa karibu mita 6. Mabati ya kukatwa kwa oda yanaweza kuwa marefu kama paa lenyewe. Kitanda cha tipa kikiinuliwa chote kinaweza kupita mita 6 kwenda juu. Pampu ya zege yenye mkono inafika mbali kuliko hivyo vyote.

Kanuni ninayoitumia ni ya kuanguka. Chukua urefu wa kitu, ongeza mita 1 ya mkono wa mtu aliyekishika, ongeza umbali salama wa laini. Kazi na kitu hicho iwe mbali na waya kwa jumla hiyo, ukipima ardhini kutoka chini ya waya wa pembeni ulio karibu nawe. Ngazi ya mita 6 kando ya laini ya kilovolti 33: 6 na 1 na 3, ni mita 10. Nondo nzima: 12 na 1 na 3, ni mita 16. Ukiona kiwanja hakitoshi, hapo ujue kitu hicho hakitakiwi kusimamishwa kwenye kiwanja hicho kikiwa na urefu wake wote.

Umbali salama wenyewe hutegemea msongo wa umeme, yaani volti za laini. Kanuni za ujenzi za Marekani kwa mitambo ya kunyanyulia zinataka isikaribie zaidi ya mita 3 kwa laini hadi kilovolti 50, mita 4.6 hadi kilovolti 200, mita 6.1 hadi kilovolti 350, na mita 7.6 hadi kilovolti 500. Uingereza wao wanasema ukiwa ndani ya mita 9 kutoka laini ya nguzo za miti, au mita 15 kutoka laini ya minara ya chuma, usianze chochote kabla ya kuongea na mwenye laini, na bado uongeze urefu wa mkono wa mtambo wako. TANESCO wakikupa umbali mkubwa zaidi, huo ndio wa kufuata. Na kama hujui laini ni ya kilovolti ngapi, usibahatishe kwa kuangalia vikombe. Uliza.

Hatua ya tatu: nenda TANESCO mapema

Peleka barua ofisi ya wilaya ukiwa na ile ramani yako. Eleza kazi ni ya nini, mahali, tarehe, saa, vifaa virefu vitakavyotumika, na kama kuna namba kwenye nguzo iliyo karibu, iandike. Kisha mjadiliane kwa mpangilio huu: je, kazi inaweza kusogezwa? Je, laini inaweza kuhamishwa? Je, inaweza kuzimwa kwa saa za kazi ngumu? La mwisho kabisa ni kufanya kazi ikiwa na umeme huku mkilinda umbali. Kuhamisha laini kuna gharama, uliza bei mapema na umwoneshe mwenye nyumba. Gharama hiyo ataiona kubwa. Mwachie muda aizoee.

Kuhusu kuzima, sikiliza kwa makini. Umeme kukatika na umeme kuzimwa ni mambo mawili tofauti. Ukikatika kwa hitilafu au kwa mgao, unaweza kurudi dakika yoyote bila mtu kukupigia filimbi. Laini nyingi zina vifaa vinavyojirudisha vyenyewe sekunde chache baada ya kukatika. Isitoshe jirani anaweza kuwasha jenereta iliyounganishwa vibaya, umeme ukarudi kwenye laini kinyumenyume, na transfoma ikaukuza hadi maelfu ya volti. Kwa hiyo taa za mtaa kuzimika si ruhusa ya kupanda.

Laini iliyozimwa kwa ajili yako ina ushahidi. Mfanyakazi wa TANESCO yupo, ameipima mbele yako kuwa haina umeme, ameiunganisha na ardhi kwa nyaya nene pande zote mbili za eneo lako, na amekupa maandishi yenye saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Mpaka hayo yawepo, ihesabu kuwa ina umeme. Saa ya kumaliza ikifika, watu wote wanashuka na wanahesabiwa kabla hujasaini kurudisha. "Malizieni bati mbili tu" ni maneno ya hatari sana kwa saa hiyo.

Na vishoka? Wapo kila mji. Atakuja kijana mwenye ngazi na koleo akwambie anashusha fyuzi ya transfoma kwa elfu thelathini. Hana idhini, hajui laini nyingine inayolisha pale, na akipata dharura ataondoka na kuiacha au kuirudisha bila kukwambia. Mfukuze.

Hatua ya nne: panga eneo kabla ya watu kufika

Vifaa visishushwe chini ya laini, hata kwa usiku mmoja. Kilichoshushwa chini ya waya kitainuliwa chini ya waya. Chagua sehemu ya kushushia upande wa pili wa kiwanja, na umwambie dereva kabla hajatoka dukani.

Magari yakilazimika kupita chini ya laini, tengeneza magoli: miti miwili mikavu na kamba isiyo ya chuma yenye vitambaa vya rangi, moja kila upande wa laini, nyuma ya ule umbali salama. Kimo cha kamba kiwe chini ya waya kwa umbali salama au zaidi, kwa kipimo walichokupa TANESCO. Kitakachogusa kamba hakipiti. Pembeni zungushia utepe, na weka bango la Kiswahili lenye herufi kubwa: HATARI, UMEME JUU, TIPA USIINUE HAPA.

Kuna mtego mmoja wa nyanda za juu ambao hausemwi sana. Viwanja vyetu vina miteremko, na watu hujaza kifusi kusawazisha. Kila sentimita ya kifusi unayoimwaga chini ya laini unaipunguza kutoka kwenye nafasi ya kupita. Laini iliyokuwa salama mwezi wa Mei inaweza isiwe salama mwezi wa Agosti na hakuna aliyegusa waya. Kama umejaza, pima upya.

Hatua ya tano: watu

Kila asubuhi, dakika tano, kabla ya mtu kushika koleo: onesha waya kwa kidole, taja mstari ambao hauvukwi, taja kitu kirefu cha leo, taja nani mtazamaji. Vibarua waliochukuliwa kijiweni asubuhi hiyo ndio hasa wanaohitaji kusikia, na ndio wanaobeba nondo. Usidhani wamesikia jana, jana walikuwa kwa mtu mwingine.

Mtazamaji ana kazi moja: kutazama ncha ya kitu kirefu na waya. Hachanganyi zege, habebi maji, hashiki simu. Ana filimbi, na filimbi ikilia kila mtu anasimama alipo, hata bosi. Asimame pembeni, aone pengo kati ya ncha na waya. Anayetazama kutoka chini ya waya moja kwa moja haoni pengo hilo.

Na msimu wa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, nisemeje? Tunaupenda. Lakini aliyepitia kilabuni mchana abaki chini akichambua misumari.

Hatua ya sita: kazi moja moja

*Nondo.* Zikate na kuzikunja chini, mbali na laini, kwa urefu unaohitajika, kisha ndizo zipandishwe. Nondo ya mita 12 inabebwa na watu wawili au watatu, ikiwa imelala, usawa wa kiuno. Usiiweke begani peke yako na kugeuka: ukigeuka kidogo, ncha ya nyuma inazunguka uwanja mzima. Nondo za nguzo zilizoachwa zikichomoza kwa ajili ya ghorofa ijayo nazo zipime. Ghorofa ya pili ndiyo inayokutana na laini ya kati, wakati ya kwanza ilipita salama. Hili la ghorofa ya pili nimeliona mara nyingi kwenye majengo ya biashara kando ya barabara, ambako mwenye jengo alianza na fremu za duka na baadaye akataka kupanda juu.

*Kupaua.* Anza kazi upande ulio mbali na laini, ili mabati yapandishwe upande huo hadi mwisho. Kenchi ziunganishiwe chini. Bati lipandishwe likiwa limelala, mtu chini na mtu juu, lisisimamishwe wima ukingoni. Upepo ukianza kuinua kona ya bati mkononi mwako, kazi imeisha kwa leo. Katika maeneo yetu upepo mkali huja mchana, basi mabati yapandishwe asubuhi.

*Ngazi.* Ya aluminiamu isije kabisa kwenye eneo lenye laini. Ya mbao ni bora ikiwa kavu, haina waya wa kuimarishia pembeni, na haina rangi inayoficha nyufa. Ngazi yoyote ndefu ilazwe inapohamishwa. Kuitembeza ikiwa imesimama kwa kuwa "ni hatua mbili tu" ndiko kunakoipeleka kwenye waya.

*Tipa, kreni na pampu ya zege.* Dereva anamwaga mahali pamoja palipowekewa alama, na anashusha kitanda kabisa kabla ya kusogea. Tipa linalosogea huku kitanda kiko juu ili kusambaza kokoto ni ajali inayosubiri nguzo inayofuata. Kwa kreni na pampu, mpango wa mahali pa kusimama uamuliwe na msimamizi akiwa na mwendeshaji, kabla miguu ya mtambo haijafunguliwa. Mzigo unaoning'inia uongozwe kwa kamba kavu isiyo na chuma.

*Miti.* Lingoti lililokomaa linaweza kupita mita 30, na likianguka linaangukia linakotaka. Kama mti una uwezo wa kufika kwenye waya ukianguka, kwa ile kanuni ya urefu na nyongeza, usiutie chenso kabla TANESCO hawajafika. Tawi lililokwishagusa waya usiliguse wala usiuguse mti. Mti mbichi umejaa maji, na maji hayo yana chumvi zinazopitisha umeme.

Wachuma parachichi wa Rungwe na Njombe, mwanzi wenu ndio nondo yenu. Watu wanaamini mwanzi haupitishi umeme. Mkavu kabisa, kwa volti ndogo, labda. Mbichi, au uliolowa umande wa asubuhi ya Tukuyu, unapitisha. Miti iliyo chini ya laini ipunguzwe kimo ingali midogo, na matunda ya matawi ya juu upande wa waya mwachie ndege.

*Mabomba na visima.* Mabomba ya alumini ya umwagiliaji hayainuliwi wima kumwaga maji au kutoa panya aliyejificha ndani. Mtambo wa kuchimba kisima usimame palipo wazi juu, hata kama mpima maji amesema maji yako chini ya laini.

*Dishi, mabango, rangi.* Nguzo ya dishi isiwekwe mahali ambapo ikianguka inafika kwenye waya. Mpini wa chuma wa rola la rangi ni nondo nyepesi.

Mvua, ukungu na vifaa vya kujikinga

Buti za raba za bustani hazikukingi na kilovolti 33. Wala glavu za kubebea matofali. Helmeti inakusaidia kwa tofali linaloanguka. Vifaa vya kujikinga na msongo mkubwa vipo, vinapimwa na kuhifadhiwa kwa utaratibu wake, na ni vya wenye mafunzo. Kinga yako wewe ni umbali.

Ukungu ukishuka kiasi kwamba mtazamaji haoni waya vizuri, simamisheni kazi zote za vitu virefu. Radi ikisikika hata kwa mbali, shukeni: inaweza kupiga laini kilomita kadhaa kutoka hapo ikafika kwenu.

Ikitokea

Waya umeanguka chini. Usiusogelee. Ardhi inayouzunguka ina umeme unaopungua kadiri unavyokwenda mbali, kwa hiyo hatua ndefu inaweza kuweka mguu mmoja penye volti nyingi na mwingine penye chache, na umeme ukapita kati ya miguu. Kama uko karibu, bana miguu pamoja na uburuze nyayo kidogo kidogo, bila kuinua, hadi umbali wa zaidi ya mita 10. Wengine wote wazuiwe nje ya umbali huo. Waya usiotoa cheche si waya uliokufa.

Gari au mtambo umegusa waya. Dereva abaki ndani, asiguse chuma, awaambie walio nje wakae mbali. Kama anaweza kujinasua kwa kuendesha bila kuukata waya, afanye hivyo. Vinginevyo asubiri TANESCO wathibitishe kuwa umezimwa. Likishika moto tu ndipo atoke: aruke miguu yote miwili pamoja, asiguse gari na ardhi kwa wakati mmoja, kisha aburuze nyayo akiondoka. Magurudumu yaliyopitiwa na umeme yanaweza kuungua kwa ndani na kupasuka saa nyingi baadaye, kwa hiyo hata baada ya umeme kuzimwa gari hilo lisisogelewe ovyo.

Mtu amenaswa. Hili ni gumu kuliko yote kwa sababu ni mwenzako na anakufa mbele yako. Usimguse. Usimvute kwa mti, kwa kamba, kwa shati. Kwenye nyaya za nje huwezi kujua kwa macho ni volti ngapi, na mwokoaji wa kwanza mara nyingi ndiye maiti wa pili. Piga TANESCO, namba yao ya dharura ya wilaya iwe imeandikwa kwa rangi ukutani tangu siku ya kwanza. Piga Zimamoto na Uokoaji 114. Wape jina la mtaa, alama iliyo karibu na namba ya nguzo.

Umeme ukishathibitishwa kuzimwa, au mtu akiwa ametupwa mbali na waya, nje ya zile mita 10, mwangalie kama anapumua. Kama hapumui, mlaze chali, weka kiganja katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu kina cha sentimita 5 hadi 6, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Ukiwa umefunzwa, kila mibonyezo 30 mpe pumzi 2. Kama hujafunzwa, endelea kubonyeza tu, mkipokezana, hadi msaada ufike. Msiache kwa sababu ameonekana amekufa. Moyo uliosimamishwa na umeme wakati mwingine hurudi. Majeraha ya moto yamwagieni maji safi ya bomba, yasipakwe dawa ya meno, asali wala mafuta.

Aliyepigwa na laini ya nje anapelekwa hospitali hata kama ameinuka na anacheka. Umeme huunguza misuli kwa ndani huku ngozi ikionesha tundu dogo tu, na moyo unaweza kuvurugika saa kadhaa baadaye. Mkojo ukitoka wa rangi ya kahawia kama chai, misuli imeharibika na figo ziko hatarini. Mwambieni daktari hilo mara moja. Kwa Mbeya, kesi nzito huishia Hospitali ya Rufaa ya Kanda, kwa hiyo uliza mapema kama kituo kilicho karibu kinaweza kumhudumia au mwende moja kwa moja.

Kisha ajali iripotiwe OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mwajiri asiyeripoti kwa kuogopa faini anamnyima aliyeumia fidia yake. Eneo libaki lilivyo: nondo pale ilipoangukia, ngazi pale ilipo, mpaka mkaguzi aone. Piga picha, andika saa, andika majina ya waliokuwepo, na umtume mtu mwenye busara aende kwa familia kabla habari haijafika kwa simu.